Ng'ombe wa K.: Uchambuzi wa Kisa cha Mfugaji wa Nyabushozi na Madaftari Yake Matatu

Mwaka 2023 alifariki dunia mfugaji mmoja wa Nyabushozi, wilaya ya Kiruhura, magharibi mwa Uganda, akiwa na umri wa miaka 75. Aliacha mjane, watoto watano ambao wote ni watu wazima, eka 320 za malisho, ng'ombe 118, na madaftari matatu ya shule yaliyofungwa pamoja kwa uzi wa katani. Wosia hakuacha. Familia iliniita wiki ya tatu baada ya mazishi kwa sababu moja tu, kwamba madaftari yale yameandikwa kwa Kiswahili, nami nimekifundisha Kiswahili mjini Mbarara kwa miaka mingi. Walinitaka kwa kazi mbili ambazo kwao hazikuhusiana: niwasomee madaftari ili wagawane mali kwa amani, na niwaandikie wasifu wa marehemu utakaosomwa kwenye ibada ya kumbukumbu, mwaka mmoja baada ya kifo. Majina nimeyaacha kwa ombi lao, na mtoto wa kiume wa kwanza nitamwita K., kwa kuwa kisa chenyewe kinaanzia kwenye herufi hiyo.

Msomaji wa Uganda atauliza mara moja imekuwaje mfugaji wa Nyabushozi aandike Kiswahili. Katiba yetu imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini kwa watu wengi wa upande huu bado ni lugha ya askari, ya madereva wa malori na ya wanunuzi wa ng'ombe. Inasemwa zaidi kuliko inavyoandikwa. Marehemu alizaliwa Isingiro mwaka 1948. Mwaka 1973, nchi ilipokuwa imechafuka chini ya Amin, alivuka mto Kagera pale Kikagati akaingia Tanzania, akapata kazi ya kuchunga kwenye ranchi moja ya mkoa ambao sasa unaitwa Kagera. Baada ya miaka miwili wakamfanya karani wa mifugo. Alijifunza Kiswahili na uwekaji wa rejista kwa wakati mmoja na kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo ng'ombe wa kwenye daftari hakuwahi kuwa na lugha nyingine kwake. Alipoongea na ng'ombe mwenyewe, zizini, alitumia Runyankore, na mkewe anasema hakupata hata siku moja kumsikia akichanganya.

Mkewe huyo ni Mhaya wa upande wa Bukoba, na walioana mwaka 1977. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na miongoni mwa vitu vilivyoporwa ni ng'ombe, waliosukumwa kuelekea kaskazini kwa maelfu. Mjane alinisimulia kwamba siku ile mumewe alifika nyumbani amebeba rejista ya ranchi kwapani, ng'ombe hakuna, na usiku kucha aliipitia kurasa kwa kurasa kama mtu anayeita mahudhurio darasani. Mwaka 1980 walirudi Isingiro. Mwaka uliofuata mjomba wake alimpa mitamba watatu: Bihogo, aliyekuwa mwekundu wa kuiva kama lilivyo jina lake; Kyasha, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso; na Gaaju, wa hudhurungi nyepesi. Daftari la kwanza linaanza na hao.

Kuhusu ardhi nitasema kwa kifupi. Katika miaka ya 1960 serikali ilikata Nyabushozi vipande vya ranchi, kila kimoja kikiwa takribani maili 5 za mraba, wakapewa watu wachache, na wafugaji wengine wakabaki wakihamahama pembezoni mwao, baadhi wakiwa kwenye eneo ambalo mwaka 1983 lilifanywa hifadhi ya taifa ya Ziwa Mburo. Mwaka 1990 uamuzi ulipotoka kwamba ranchi zile zigawanywe upya, marehemu alikuwa mmoja wa waliopata, nusu maili ya mraba. Katika daftari tukio hilo lina maneno manne: «Tumepata pa kusimama. Ukuta.» Neno «ukuta» nilidhani ni nyumba. Mjane akacheka, ni seng'enge. Nguzo za kwanza za uzio alizichimbia yeye na mumewe kwa mikono yao, na hadi leo anaiita ile seng'enge ukuta.

Madaftari yenyewe yana safu nne zilizochorwa kwa rula: tarehe, ng'ombe, «wa», na hali. Ukurasa wa Februari 1998, kwa mfano, unasomeka hivi: «Dume. Wa K. Kauzwa mnadani. Ada, binti wa 2, muhula wa 1.» Chini yake: «Mtamba. Wa G. Ndigana kali. Kapona.» (ndigana ni ugonjwa unaoenezwa na kupe). Halafu: «Mnada umefungwa, midomo na miguu. Ada baadaye.» Kila anayefuga katika ukanda wetu wa ng'ombe anaijua sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ugonjwa wa midomo na miguu ukitangazwa, karantini hufunga minada yote, na mfugaji mwenye ng'ombe mia huwa hana shilingi ya kumpeleka mtoto shule. Nilihesabu katika madaftari yote mara 61 ambapo ng'ombe aliuzwa na neno «ada» likaandikwa pembeni yake. Kamati ya wasifu ilikuwa imeandika kwamba marehemu «alithamini sana elimu». Ni kweli, ila mimi ningependa kuziona hizo mara 61 zikitajwa.

Sasa mgogoro wenyewe. Katika ng'ombe 118 waliobaki hai, 19 wameandikwa «wa K.» kwenye safu ya tatu. Mtoto wa kiume wa kwanza, ambaye jina lake linaanza na herufi hiyo, alisema hao ni wake, baba amemwandikia, wasiingizwe kwenye mirathi. Dada yake wa tatu, muuguzi, alisema K. ni Kyasha, na kwamba safu ile inaonyesha mama wa ng'ombe, si mwenye ng'ombe. Nikiri kwamba Kiswahili chenyewe hakikuwasaidia. «Mtamba wa K.» anaweza kuwa mtamba aliyezaliwa na K. au mtamba anayemilikiwa na K.; «wa» ni ileile, na sarufi haina pa kushika. Ndugu hawa wawili hawakuwa wakisalimiana nilipofika. K. alikalia benchi la chini ya mparachichi, dada yake akakalia ngazi za mlango, na kila mmoja alinisemesha mimi kana kwamba mwenzake hayupo: «Mwalimu, hebu mweleze.»

Nilianza na jambo rahisi, tarehe. K. alizaliwa mwaka 1985. Mstari wa kwanza wenye «wa K.» ni wa Novemba 1982, miaka mitatu kabla. Hiyo peke yake iliondoa uwezekano wa herufi ile kuwa ya mtoto, walau ilipoanza kutumika. Dada mtu akafurahi mapema mno, kwa maana naye hakuwa amepata yote. Kyasha alikufa mwaka 1989, imeandikwa, «Kyasha kafa», lakini «wa K.» wanaendelea kuzaliwa hadi 2023. Tena mwaka 1991 wako ndama wawili «wa K.» waliopishana kwa majuma saba, na ng'ombe hubeba mimba kwa takribani siku 283. Hakuna ng'ombe mmoja anayeweza kuzaa mara mbili hivyo. Kwa hiyo K. si Kyasha yule mmoja. Ni ukoo wake: binti, wajukuu na vitukuu vyake, wote wakirithi herufi ya bibi yao. B. ni ukoo wa Bihogo, G. ni wa Gaaju. Karani wa ranchi alikuwa amejiwekea nasaba za kundi lake kwa upande wa mama, miaka 42, bila kumweleza mtu.

Ningeweza kuishia hapo na kumwambia K. kwamba amekosea, lakini mjane alikuwa na neno. Mwaka 2012, kwenye harusi ya K., baba alisimama mbele ya wakwe na wageni, akainua glasi ya maziwa, akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa wakwe walitoka upande wa Tanzania: «Ng'ombe wa K. ni wa K.» Watu wakapiga makofi na vigelegele. K. alikuwa na miaka 27, na aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, siku ambayo mtu hasahau alichoambiwa. Sasa hapo nani wa kumlaumu? Marehemu alikuwa anacheza na herufi zake mwenyewe, na utani ule ulikuwa na maana kwake peke yake kwa kuwa ni yeye tu aliyejua kwamba kuna K. wawili. Kwa maoni yangu chanzo cha mgogoro wote kipo kwenye sentensi hiyo, na ni kosa la mzee. Mtu aliyekuwa makini kwenye karatasi kiasi cha kuandika dawa ya kupe kwa mililita alikuwa mzembe wa maneno mbele ya watu, jambo ambalo katika mali ni hatari zaidi kwa mtu anayeaminika.

Kilichotusaidia kujua alikusudia nini ni alichofanya juma lililofuata. Ipo safu ya tano ambayo haikuchorwa, maandishi ya pembeni kwa kalamu nyekundu, na humo hutumia neno jingine: «kwa». Juni 2012: «Watano kwa K. Chapa.» Watano hao walipigwa chapa ya K. pajani, mbele ya mdogo wake na wazee wawili wa jirani, na toka siku hiyo K. ndiye aliyewalipia chanjo. «Wa» ilikuwa nasaba, «kwa» ilikuwa kukabidhi. Nilipowaonyesha kalamu nyekundu, nilitoka nikaenda kutazama lambo, nikawaacha wapitie kurasa wenyewe. Niliporudi, K. alikuwa amehamia kwenye ngazi, daftari likiwa mapajani mwa dada yake.

Sheria ilisemaje? Madaftari hayakuwa wosia, kwa kuwa wosia nchini Uganda hutakiwa uwe na saini ya mwenyewe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na hapa hapakuwa na saini wala shahidi. Lakini yalikuwa ushahidi mzuri wa zawadi zilizotolewa na kukabidhiwa akiwa hai, na kilichokwisha kutolewa hakimo tena katika mali ya marehemu. Watano wa K. wakatoka. Tisa walioandikwa «kwa Mama» nao wakatoka, maana mjane amekuwa akiuza maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe na kuweka fedha yake kwa zaidi ya miaka thelathini, hakuna mtoto aliyebisha.

Kisha wakabaki sita wenye maneno «kwa mchungaji», na hapa nusura litokee jambo la aibu. Kila Januari, kuanzia 2004 hadi 2022, kalamu nyekundu imeandika: «Mtamba 1 kwa mchungaji.» Ni mara 19. Mistari 13 imewekewa alama ya vema, 6 haina. Mtoto wa kiume wa pili alikuwa amekwisha kueleza kwamba baba aliahidi mitamba kwa mchungaji wa kanisa, na kamati ilikuwa imeafikiana kupeleka mtamba mmoja kama sadaka, wengine wasamehewe, kwa kuwa ahadi ya sadaka si deni. Mimi nilikuwa natazama zizini. Mtu aliyekuwa akifungua lango la ndama, mtu wa Ntungamo mwenye koti la mvua na fimbo, alikuwa ameanza kazi pale mwaka 2004. Kwa Kiswahili cha ranchi mchungaji ni mwenye kuchunga. Yule wa madhabahuni alikopeshwa jina baadaye.

Tulimwita. Hajui kusoma. Tulimwomba, bila kumwambia daftari linasema nini, atutajie mitamba aliyowahi kupewa. Aliwataja kwa majina na kwa rangi, mmoja baada ya mwingine, akikunja vidole: 13. Tukamuuliza miaka ambayo hakupewa. Akaitaja miwili ya ndigana, 2014 na 2015, wakati chotara wa Friesian walipokufa na dawa ya josho ikashindwa kuua kupe. Akautaja 2017, baada ya ule ukame mkali. Na mitatu ya mwisho, mzee alipokuwa mgonjwa. Yote sita ni mistari isiyo na vema. Kwenye ukurasa wa Mei 2014 marehemu alikuwa ameandika, «Dawa haiui. Kupe wanatembea baada ya kuoga.» Usugu huo wa kupe kwa dawa umewakuta wafugaji wengi wa magharibi, nao huwaumiza kwanza wenye ng'ombe chotara, kwa sababu Ankole wa asili huhimili ndigana kuliko Friesian. Nilimuuliza yule mchunga kwa nini hakudai. Akasema, «Mzee aliniambia nisubiri mvua. Mvua zilinyesha, akaanza kuugua. Ungemdai mgonjwa?»

Familia ilipenda kumweka kwenye fungu la wategemezi. Niliwashauri wasifanye hivyo, na wakili waliyemwendea Mbarara akawaambia vilevile: mtu huyu ni mdai, mshahara wake ni deni la marehemu, na madeni hulipwa kabla mrithi yeyote hajagusa kitu. Kumwita mtegemezi kungekuwa kumfanyia hisani kwa mali yake mwenyewe. Sita wakatoka.

Walibaki 98. Mambo ya ofisini, yaani kuripoti kifo kwa Msimamizi Mkuu wa mirathi, kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi na kisha barua za usimamizi kutoka mahakamani, yalichukua miezi minane na hayana la kujifunza zaidi ya uvumilivu. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa kwenye nyumba na eneo lake. Kwa mali nyingine, Sheria ya Urithi kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 inampa mwenzi asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1, na binti hana tofauti na mwana. Ng'ombe 98 waligawika vizuri kuliko nilivyotarajia: mjane 20, watoto 73, mama mdogo wa marehemu aliyekuwa akilelewa hapo 4, na mmoja, fahali, kwa mrithi wa kimila, ambaye ukoo ulimchagua kuwa mtoto wa pili. Ila asilimia huhesabu vichwa, na mtamba mwenye mimba si sawa na maksai mzee. Aliyewapanga katika mafungu yenye thamani sawa ni yule mchunga, akiwa amekwisha kulipwa, na hapana aliyelilalamikia fungu lake. Malisho hawakuyakata. Wamekubaliana kuchungia pamoja.

Nikarudi kwenye wasifu. Rasimu ya kamati ilikuwa na kurasa tatu, na ingeweza kusomwa kwenye msiba wa mfugaji yeyote kutoka Kiruhura hadi Sembabule: hodari, mcha Mungu, mwenye upendo kwa familia. Niliwaomba niandike kutoka kwenye madaftari badala yake, na baada ya majadiliano marefu wakaniruhusu kurasa mbili. Niliweka mistari ya ada. Niliweka ule wa mwaka 1999, wakati wa njaa ya malisho, ambapo wameorodheshwa ng'ombe kumi na mmoja wa kuuzwa, na mwishoni pamepigiwa mstari: «Bihogo mdogo hauzwi. Maziwa ya watoto.» Mwaka huo, K. alikumbuka alipousikia, walikunywa maziwa kila jioni, na baba yao alikuwa akisema ameshiba.

Mstari mmoja nilimpelekea mjane kwanza, peke yake, kwa sababu sikujua kama ni wa kusomwa mbele ya watu. Ni wa tarehe 9 Agosti 1994. Safu zote nne zimeachwa tupu, na katikati ya ukurasa ameandika: «Leo hatukamui. Ndama waachiwe wanyonye.» Katika miaka 42 ni ukurasa pekee ambao safu zake zimeachwa tupu. Mjane aliutazama kwa muda mrefu. Ndiyo siku waliyomzika mtoto wao wa sita, akiwa na miaka miwili. Hakuwahi kujua kwamba mumewe aliandika chochote siku ile. Akasema usomwe, lakini bila maelezo, wanaojua watajua.

Ukasomwa hivyo. Wafugaji waliokaa nyuma, chini ya turubai, walivua kofia kabla ya watu wa mbele kuelewa ni nini.

Jioni, wageni walipokuwa wakiondoka, ng'ombe mmoja alizaa karibu na lambo, ndama jike mwenye baka jeupe usoni. Mjane aliagiza daftari, la nne, jipya, ambalo safu zake alikuwa amezichora mwenyewe kwa rula ya mjukuu. Akaandika tarehe, akaandika «Jike», akasita kidogo, kisha akaandika «Wa K.» na kumpa mwanawe ahakikishe. K. aliusoma mstari kwa sauti, akacheka, akamrudishia mama yake kalamu.